Mawe ya herini za bibi kwenye mikono ya miwani: usikubali gundi tupu, na moto usiguse fremu

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Wete, Pemba, mwalimu, nalifupisha hivi. Bibi yake, Allah amrehemu, kamwachia herini mbili za dhahabu na kipini kimoja. Kila herini ina mawe mawili mekundu madogo, kipini kina moja, jumla matano. Herini moja imekatika kulabu, na yeye herini havai, hijabu inazifunika na zinamuumiza, lakini miwani anavaa toka asubuhi mpaka anapolala, basi anataka yale mawe yahamie kwenye mikono ya miwani yake ya chuma. Fundi mmoja kamwambia hiyo kazi ya dakika tano tu, atatoboa matundu halafu abandike kwa supa gluu. Anauliza yatashika? Yatamharibia miwani? Na akiongeza tanzanaiti moja ya buluu kila upande, itafaa? Kanitumia picha, na ndani ya mkono wa miwani nimesoma neno Titanium.

Waalaykum salaam bibie, na Allah amrehemu bibi yako. Nimefurahi umeuliza kabla hujampa mtu zile herini, maana mie usonara nimeufanya miaka zaidi ya 30 hapa Mchangani, Unguja, na miwani nayo inakuja kwangu kila wiki, watu wanaleta bawaba zimekatika nizitie lihamu, yaani niziunge kwa madini ya kuyeyusha, na nshaona mawe ya watu yalopotea kwa jambo dogo ambalo mtu angeuliza mapema lisingetokea. Ntakujibu kwa urefu, nivumilie.

Yatashika? Kwa supa gluu hayatashika. Ile gundi ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, haina mnyumbuko hata chembe, na mkono wa miwani kazi yake khasa ni kunyumbuka, unanyumbuka ukiivaa, unanyumbuka ukiivua, unanyumbuka ukiipandisha juu ya hijabu. Kila ukinyumbuka gundi inapata ufa mdogo usioonekana, jasho linaingia, mafuta ya nazi yanaingia, halafu siku moja uko darasani umeinama unasahihisha madaftari jiwe linadondoka na wewe hujui mpaka jioni unapovua miwani. Na kuna jengine watu hawalijui, supa gluu inapokauka inatoa mvuke, na mvuke ule ukigusa lenzi unaacha ukungu mweupe ambao kitambaa hakiufuti. Sasa fundi akiuona ule ukungu anakimbilia asetoni ili aufute kabla hujarudi, na kama lenzi zako ni za polikaboneti, ile plastiki ngumu, basi asetoni inazila, zinakuwa nyeupe na kufanya nyufa papo hapo. Umekwenda na miwani nzima umerudi huna miwani, kwa kazi ya dakika tano.

Matundu nayo hebu tuyapigie hesabu. Ule mkono kwa ninavyouona kwenye picha una unene wa milimita moja na kidogo, na upana kama milimita 4. Mawe yako umepima kwa rula ukasema milimita mbili na nusu. Jiwe la duara la kuchongwa, la milimita 2.5, kwa kawaida kina chake ni kama milimita 1.5, na chini lina ncha. Chuma cha milimita moja kitabeba vipi jiwe la moja na nusu? Ncha itatokeza upande wa pili, upande wa ngozi yako, pale mbele ya sikio, ikukwaruze kutwa. Halafu upana 4 ukitoa tundu la 2.5 zinabaki robo tatu za milimita juu na robo tatu chini, basi, na tundu ni mbili kwa kila mkono. Siku mtoto akiikalia miwani kitandani itakatika palepale kwenye tundu. Zipo fremu zinazotoka kiwandani na mawe ndani ya chuma chenyewe, lakini zile zimetengenezwa nene tokea mwanzo na mawe yake ni madogo mno, milimita moja, moja na kidogo. Yako haikufanyiwa hivyo.

Na lile neno Titanium ndo linaamua kila kitu kilobaki. Titani inayeyuka kwenye nyuzi 1668 za selsiasi, hilo halinitishi maana lihamu ya fedha inayeyuka mbali chini ya hapo, tatizo ni kuwa titani ikipigwa moto kwenye hewa inavuta oksijeni na kujivika ngozi, na lihamu juu ya ngozi ile haishiki, inakimbia kama maji juu ya jani la jimbi. Viwandani wanaiunga kwa leza au ndani ya gesi ya agoni, kwa pampu yetu ya gesi ya mtaani hatuiwezi. Fundi akikwambia ataitia lihamu titani kwa moto wa kawaida, chukua miwani yako umuage vizuri uondoke.

(Kwa wengine mtakaosoma: kama fremu yako si titani, ni ile ya rangi ya dhahabu au fedha ya kawaida, mara nyingi ndani ni moneli, yaani nikeli na shaba, au ile wanayoiita fedha ya nikeli ambayo ni shaba, nikeli na zinki, fedha haimo hata chembe. Hizo lihamu inashika. Lakini ukitoboa au ukipiga tupa umeondoa ngozi ya juu iliyochovywa, nikeli inabaki wazi kwenye jasho, na wapo watu nikeli inawawasha mpaka ngozi inatoka malengelenge. Ulaya wameiwekea sheria kabisa, kitu kinachokaa kwenye ngozi kisitoe nikeli zaidi ya mikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki. Kwa jua letu na jasho letu mie nalichukulia jambo hilo kwa uzito. Na moto unalegeza chuma, mkono ulokuwa una springi unakuwa kama waya wa kufungia kuku. Tena lenzi lazima zitolewe kwanza. Nshaletewa miwani ya mama mmoja, fundi kaipiga moto na lenzi zimo, ule utando wa juu unaozuia mng'aro umepasuka wote, ukitazama unaona nyufa nyembamba nyembamba kama tope la bwawa lilokauka. Yule mama alidhani ni uchafu, akawa anafuta na kufuta, maskini.)

Sasa turudi kwako, kwa namna mie ninavyotaka ufanye.

Bibie, miwani inapita. Namba ya macho inabadilika, fremu inachoka, miaka miwili mitatu unanunua nyengine. Yale mawe bibi yako kayavaa, utayavaa wewe, atayavaa mwanao inshallah. Kwa hiyo usiyafunge kwenye fremu hii kwa namna ambayo siku ya kuyatoa lazima kitu kivunjwe. Kuna miwani mbili za India zilipelekwa mnadani kwa Sotheby's London mwezi Oktoba 2021, moja lenzi zake ni almasi na nyengine lenzi zake ni zumaridi, si vioo, mawe matupu. Zile lenzi zilichongwa karne ya 17 wakati wa wafalme wa Mughal, lakini fremu zenye vijialmasi vilozizunguka ni za karne ya 19. Yaani mtu alizitoa kule zilikokuwa akazitengenezea fremu mpya baada ya miaka kama mia mbili, na mawe yakatoka salama. Na wewe fanya hivyo hivyo, ila kwa mawe manne ya herini, la kipini ntalisema mwisho.

Unachohitaji ni kitu mie nakiita tandiko. Kama tandiko la punda tu, linakaa juu ya mgongo bila ya kumtoboa punda. Ni bamba dogo la fedha au dhahabu, unene milimita 0.4, urefu kama milimita 8, linalala upande wa nje wa mkono wa miwani, na midomo yake miwili ya juu na chini inakunjwa ndani kidogo, milimita moja hivi, ikaukumbatia mkono. Juu ya bamba ndo zinakaa nyumba mbili za mawe, yaani vikuta vya duara vinavyolishika jiwe, pembeni kwa pembeni. Mkono wa miwani hautobolewi, haupigwi moto, haupigwi tupa. Siku ukibadilisha fremu sonara anafungua midomo, analinyanyua tandiko zima na mawe yake ndani, analipeleka kwenye miwani mpya. Kama mkono mpya ni mpana zaidi anatengeneza bamba jengine, nyumba za mawe haziguswi.

Kabla ya hapo lakini, mawe yenyewe. Mpe sonara ayatazame kwa lenzi ya mara 10 na usikubali aanze kazi bila ya hilo. Mawe mekundu ya herini za zamani za hapa kwetu ni ya namna tatu nne na kila moja lina tabia yake. Inaweza kuwa yakuti nyekundu khasa. Inaweza kuwa yakuti ya kutengenezwa, maana Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kuyeyusha yakuti kwa moto mwaka 1902 na toka hapo zimeenea dunia nzima kwenye dhahabu za watu, ukiitazama ndani unaona mistari ya kupinda kama ya santuri na vipovu vidogo. Kama ni hiyo usihuzunike, ugumu wake ni ule ule wa yakuti khasa, 9 kwa kipimo cha ugumu wa mawe ambacho almasi ni 10, itakaa. Inaweza kuwa ganeti, ugumu kama 7, nayo inakaa ukiitunza. Na inaweza kuwa kioo tu, 5 na nusu hivi, ambacho kitafifia kwa kufutwa futwa, maana vumbi la kawaida lina chembe za mchanga wa kwatzi, ugumu 7, kila ukifuta kavu unakikwaruza. Hata kikiwa kioo mie ningekitia, ni cha bibi yako, ila ujue kabla.

Kitu kikubwa zaidi: geuza herini utazame nyuma. Kama nyuma ya jiwe kumefungwa na bati la dhahabu, hakuna tundu, basi ndani kuna uwezekano mkubwa pamewekwa karatasi ya rangi au bati jembamba la kung'arisha, ndo linalotoa ule wekundu unaouona. Mawe ya namna hiyo hayatiwi majini na hayakaribiwi na moto kabisa, maji yakipenya lile karatasi linakuwa jeusi na jiwe linakufa. Hapo mie silitoi jiwe. Nakata kwa msumeno wa sonara nyumba ya zamani nzima, na jiwe lake, na karatasi yake, halafu naitengenezea nyumba mpya ya kuizunguka, kama vile ile nyumba ya zamani ndo jiwe lenyewe, na kuifunga kwa baridi, yaani bila ya moto. Inakuwa kubwa kidogo, milimita 3 na nusu hivi na ukuta wa nje unafika ukingoni kabisa mwa mkono, lakini itakaa. Ile dhahabu ya mikono ya zamani inabaki inaligusa jiwe, na mie kwa upande wangu hiyo ndo njia n'naipenda zaidi.

Kama nyuma kuko wazi na mawe yanatoka, nyumba mpya zitengenezwe kwa dhahabu ya herini zenyewe. Herini za zamani za kwetu nyingi ni karati 22, yaani sehemu 916 kati ya 1000 ni dhahabu, na dhahabu hiyo ni laini, inakunjika juu ya jiwe kama ngozi, haifanyi weusi na ngozi haiwashi. Unakata uzi bapa wa unene wa milimita 0.3. Urefu wake unajumlisha jiwe na unene wa uzi, 2.5 na 0.3 inakuwa 2.8, mara 3.14, milimita 8.8. Hapa ndo pa kutulia, uzi ukizidi robo milimita jiwe linacheza, ukipungua halitaingia. Unaukunja duara, unatia boraksi, ile dawa ya kuisaidia lihamu ishike, unaunga kwa lihamu ngumu, ile inayotaka moto mkali zaidi kuyeyuka. Halafu duara unaliunga kwenye bamba la tandiko kwa lihamu laini zaidi, inayoyeyuka mapema, ili ile ya kwanza isifunguke. Ndani ya duara unaacha ukingo mdogo wa jiwe kukalia, na ukuta uwe na kina cha kutosha ile ncha ya chini isiguse kitu. Bamba unalitoboa tundu dogo chini ya kila jiwe, tundu lile ndo linaloingiza maji ya kusafisha, na siku ya kulitoa jiwe unalisukuma kutokea nyuma kwa kijiti badala ya kulichokoa kwa sindano kutokea juu.

Yote hayo ya moto yanafanyika mbali na miwani na mbali na mawe. Miwani iko kwenye sanduku lake, mawe yako kwenye karatasi. Tandiko linachemshwa likatakate, mie natumia maji ya ukwaju alivyonifundisha ami yangu, linapigwa tupa laini, linang'arishwa mpaka mwisho. Kung'arisha baada ya jiwe kukaa ni kuliharibu jiwe.

Ndo sasa jiwe linaingia, kwa baridi. Linatuwa kwenye ukingo wake, unatazama kwa lenzi kama limelala sawa, meza yake, yaani uso wake wa juu, iko bapa haikuinama upande. Unachukua chuma cha kusukumia na unaanza upande mmoja, tuseme wa kibla, yaani kaskazini, unausukuma ukuta kidogo juu ya jiwe, kidogo tu. Usiendelee kulizunguka. Unahama upande wa pili kabisa, kusini, unasukuma. Halafu mashariki, halafu magharibi. Halafu zile pembe za katikati. Ukilizunguka kama unavyokunja ukingo wa sambusa dhahabu yote inajikusanya mwishoni, inafanya mkunjo usiokwenda popote, na jiwe linabaki limesukumwa upande. Nshafundisha vijana wengi na hapa ndo kila mmoja anapokosea mara ya kwanza. Ukimaliza unapitisha chuma laini cha kung'arishia kwa kukibonyeza mpaka ukuta unakuwa kama umeota pale. Kisha unapitisha uzi wa pamba juu yake, ukinasa popote bado hujamaliza. Na la mwisho liweke tandiko karibu na sikio uligonge gonge kwa kucha, jiwe lilolegea linalia, tik tik, unalisikia hata kama jicho halioni.

Nakusisitizia nyumba ya ukuta mzima kwa sababu wapo watakaokwambia kucha nne, yaani vijimeno vya kulishika jiwe badala ya ukuta, zinapendeza zaidi, zinaingiza mwanga. Kwenye pete sawa. Wewe unavaa hijabu, kucha zitanasa mtandio kila unapouvuta, ama uzi wa mtandio utafumuka ama kucha itanyanyuka, na siku ya tatu nne jiwe limekwenda. Ukuta mzima haunasi kitu.

Na kwa sababu hiyo hiyo ya hijabu pima pa kuliweka. Nusu ya nyuma ya mkono wa miwani haionekani kabisa, imo ndani ya kitambaa. Kaa mbele ya kioo umevaa vile unavyovaa kila siku, si vile utakavyovaa harusini, tia alama ya kalamu mwisho wa kitambaa. Tandiko likae baina ya alama ile na bawaba, lakini liache bawaba kama milimita 5, usiligandishe pale pale, mkono lazima ukunjike wote. Usitie chochote kwenye duara linaloshika lenzi, lile linafunguliwa kwa skrubu kila ukibadilisha vioo, na mawe yakiwa karibu na jicho yanarusha vimulimuli jichoni ukiwa nje juani, utaumwa kichwa wala hutajua kwa nini. Nyuma ya sikio pia hapana, pale mtu wa miwani anapakunja kukusawazishia.

Kulivisha tandiko ni kazi ya dakika chache. Fungua skrubu ya bawaba, toa mkono peke yake, uweke juu ya kipande cha mti kilochongwa kuufuata. Safisha mkono kwa spiriti. Paka chini ya tandiko tone dogo la epoksi ile ya mirija miwili inayochanganywa, hapa gundi ina kazi yake halali, si kulishika jiwe, ni kulizuia tandiko lisiteleze tu. Kunja midomo kwa kisukumio cha mti au shaba, si chuma, ili titani isikwaruzike. Futa ilotoka pembeni kabla haijakauka, acha saa 24, ndo uurudishe mkono kwenye bawaba. Ukitaka kulitoa baadae epoksi inaachia kwa joto kidogo, na mkono ukiwa umefunguliwa peke yake lenzi hazihusiki, ila kama ni mawe ya karatasi nyuma uliache joto, unaanza na midomo na unalitoa polepole kwa uzi mwembamba uliopitishwa chini yake.

Uzito usikutie wasiwasi. Karati moja ya jiwe ni gramu 0.2, mawe yako manne yote hayafiki hata nusu karati. Pamoja na nyumba za dhahabu na matandiko mawili ya fedha jumla haifiki gramu 2. Sharti ni pande mbili ziwe sawa, mawili huku mawili huku, maana miwani ikiwa nzito upande mmoja inashuka puani kwa upande huo na unatazama nje ya katikati ya lenzi yako.

Tanzanaiti usitie. Naipenda, ni johari yetu, ilipatikana Merelani mwaka 1967 na mpaka leo haijapatikana pengine duniani, lakini ugumu wake ni 6 na kidogo na ina mkato ndani yake, ukiligonga vibaya linapasuka kama limekatwa kwa kisu. Miwani inaanguka, hakuna miwani isoanguka. Tanzanaiti ni ya kidani na herini. Ukitaka buluu tafuta yakuti samawi, ile ya bonde la Umba kule Tanga haiko mbali na sisi, ugumu 9 kama yakuti nyekundu. Lulu za kina mama wa Fumba na Bweleo pia utashawishika, nzuri mno zile, lakini lulu ni laini, jasho na manukato vinaila, na ile ya nusu duara ni kubwa kwa mkono wa milimita 4. Marijani na feruzi hali kadhalika. Lakini ukiniuliza mie ntakwambia acha mekundu peke yake.

Kutunza ni rahisi. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, mswaki laini wa mtoto, mara moja kwa wiki kwako wewe maana vumbi la chaki linajaa chini ya ukuta. Kama mawe ni yale ya karatasi nyuma, basi kitambaa chenye unyevu tu. Manukato na mafuta jipake kwanza, miwani ivae mwisho. Ukienda kuoga pwani ivue, chumvi ikikaukia kwenye fedha inaifanya nyeusi, ukisahau isuuze kwa maji baridi siku ile ile. Usisugue kwa ndimu hata ukisikia inang'arisha fedha, siku hizi kuna yakuti zilojazwa nyufa zake kwa kioo cha risasi na ndimu inakila kile kioo, kama umewahi kubadilishiwa jiwe huko nyuma bila ya kujua utaliharibu kwa mikono yako mwenyewe. Mashine ya mtetemo ya kusafishia kwenye maduka ya miwani, waambie mapema wasiitie.

Ukimpata sonara wako, iwe Wete, Chake au uvuke uje Unguja, pigeni picha mawe mbele yake, pimeni herini kwenye mzani, andika gramu kwenye karatasi mtie saini nyote wawili, na muulize vipande vya dhahabu vitakavyobaki utarudishiwa vipi. Mtu mwaminifu haoni vibaya, mie wateja wangu nawaambia wenyewe. Na muulize swali moja tu kumjua: "jiwe utalifunga kabla ya moto au baada?" Akisema kabla, au akisema haidhuru, shukuru umsalimie uende kwa mwengine.

Kipini kiache. Umesema ni kizima na jiwe lake limekaa imara, basi usilitoe ili yawe matano, matano hayagawiki kwa mikono miwili, na kitu kimoja cha bibi yako kibaki vile vile alivyokivaa. Kifunge kwenye pamba, si kwenye plastiki, ukiweke pamoja na ile karatasi ya gramu.